Vuli inakuja: mti wa pambo na haki ya jirani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Ambaye huteremsha mvua kutoka mawinguni akaihuisha kwayo ardhi baada ya kukauka kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila vuli inapokaribia, wauza miche hupanga viriba vyao kandokando ya barabara zetu kubwa, na familia nyingi za Bunju, Boko, Goba, Mbagala, Chamazi na Toangoma husimama kuchagua. Baba hutazama mche ulionyooka, mama hutazama ua lenye rangi, watoto hutaka ule uliochanua siku hiyo hiyo. Mche hununuliwa, hupelekwa nyumbani, huchimbiwa shimo karibu na ukuta, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo jambo linapoanza. Mti wa pambo unapaswa kuchaguliwa kwa kuutazama utakavyokuwa baada ya miaka 15, na kwa kumtazama jirani anayeishi upande wa pili wa ukuta. Mwenye kununua bila kuyapima haya mawili anaweza kudhani amepamba nyumba yake, kumbe amepanda ugomvi ambao wataurithi wanawe. Ndiyo maana tumeona ni vyema tulizungumze suala hili kabla mvua hazijaanza, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua.

Pambo si upuuzi

Tuanze na wale wasemao kuwa maua ni israfu, na kwamba penye kiwanja kidogo apandwe mchicha, mpapai na mgomba tu. Hatuwalaumu, kwani maisha ni magumu na chakula ni haki ya kwanza ya familia. Lakini dini yetu haikuukataa uzuri. Katika Sura An-Naml, aya ya 60, Mwenyezi Mungu anapowataka wanadamu wamtambue Muumba wao, anawakumbusha mbingu, ardhi na mvua, kisha anazitaja bustani zenye kupendeza na kuchangamsha macho. Kupendeza kwake kumetajwa kama neema. Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alieleza kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Hadithi hii inatuwekea mizani. Uzuri unaruhusiwa, kinachokatazwa ni uzuri unaoambatana na kuikataa haki ya mwingine. Aya ya 141 ya Sura Al-An'am nayo, baada ya kutaja bustani, mitende, mizeituni na mikomamanga, inaamrisha haki ya mavuno itolewe na inakataza israfu. Kwa hiyo bustani, haki na kiasi ni mambo yanayokwenda pamoja.

Tuongeze kuwa katika mji wetu mti wa pambo ni zaidi ya rangi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ilhali ile ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10 limekwenda kwa sehemu kubwa pembezoni, ambako mashamba ya minazi, miembe na mikorosho yamegeuka viwanja vya nyumba. Kivuli cha wazee wetu kimekatwa, na mahali pake tumeweka bati na saruji. Mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na jua likiwa la utosi, mama aliyejifungua na mzee mgonjwa ndani ya nyumba ya bati wanajua thamani ya mti mmoja.

Aidha, siku hizi kumeenea desturi ya kuisakafia nyua zote kwa vitofali vya pevingi mpaka mlangoni, pasiachwe hata shibiri ya udongo. Maji ya mvua hayana pa kuingia, basi hukimbilia kwa jirani aliye chini. Tusisahau kuwa mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa mabondeni, yaliletwa na mvua za msimu huu huu wa vuli. Kiwanja kimoja hakisababishi mafuriko, lakini viwanja elfu moja visivyonywa maji vina mchango wake.

Vuli yetu si ya Ulaya

Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa mjini vimeandikwa Ulaya, navyo husema kuwa majira mazuri ya kupanda miti ya mapambo ni yale yafuatayo kiangazi chao, ambayo kamusi zetu huyaita vuli. Msomaji asidanganyike na jina. Kule, majira hayo ni ya majani kupukutika. Mti hulala, udongo bado una joto, na mizizi hukua taratibu ikingojea baridi. Hapa kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na haifuatwi na baridi. Hufuatwa na Januari na Februari, miezi ya joto kali kuliko yote, hadi masika yaingie Machi.

Kwa hiyo mwenye kupanda katika vuli afanye mapema. Asubiri mvua mbili au tatu za maana, udongo ulowe hadi chini, kisha apande mara moja, ili mche upate majuma kadhaa ya kushika kabla ya jua la Januari. Mwenye kupanda Desemba mwishoni ajue kuwa ameahidi kuubebea mche wake maji kwa miezi miwili na zaidi. Kama hana maji wala mtu wa kumwagilia, ni heri asubiri masika. Tukitimiza ahadi hiyo ya maji, vuli ina faida yake: masika yanapofika, mche una mizizi tayari, nao hukua kwa kasi.

Udongo nao una hukumu yake. Sehemu kubwa ya Mbagala, Chamazi na Kigamboni ni mchanga. Maji hupita upesi na rutuba hukimbia nayo. Mabondeni kuna udongo mzito unaotuamisha maji. Na karibu na bahari, kama Kunduchi na baadhi ya sehemu za Kigamboni, visima vingi vina maji ya chumvi, ambayo miche mingi haiyawezi. Aonje maji ya kisima chake kabla hajachagua mche.

Mti mkubwa katika kiwanja kidogo

Tulipopewa viwanja vilivyopimwa, kama vile vya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 huko Bunju, Mbweni, Mivumoni, Toangoma na Kibada, wengi walipata nafasi ya nyumba na ua. Lakini walio wengi zaidi wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa, ukuta kwa ukuta, karo la huyu likipakana na kisima cha yule. Mti unaofaa Mbweni unaweza kuwa msiba Mbagala.

Chukueni mfano wa mkrismasi, mti uliotoka Madagaska na kupendwa kwa maua yake mekundu ya Novemba na Desemba. Ni mti mzuri sana. Lakini matawi yake hutanda upana unaozidi urefu wake, na mizizi yake hukaa juu juu, ikinyanyua sakafu na kupasua kuta. Huo ni mti wa uwanja wa shule, wa msikiti wenye eneo, au wa kiwanja kikubwa.

Mkungu nao hutoa kivuli kizuri kilichopangika kama ghorofa, na majani yake makubwa huwa mekundu kabla ya kudondoka. Hudondoka kwa wingi, na kama tawi limelala juu ya bati la jirani, gata lake litaziba na maji anayoyakinga katika tangi yataoza. Mfikasi unaokatwa duara mbele ya maduka na nyumba ni jamaa wa mkuyu. Juu ni pambo dogo, chini ni mizizi inayotafuta maji hadi ndani ya karo na mabomba.

Mwashoki ndio umekuwa mti wa wengi, na ipo sababu. Umesimama wima kama mnara, haukuli nafasi, na ukipandwa safu huziba macho ya wapita njia. Kwa familia inayotaka sitara ya ua, hilo ni jambo la maana. Lakini hautoi kivuli cha kukalia, na hurefuka kuzidi paa la nyumba. Anayeupanda chini ya nyaya za umeme anajua kuwa siku moja TANESCO watakuja kuukata kichwa, na mwashoki uliokatwa kichwa haupendezi tena.

Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi. Mti mkubwa, kama mwembe, mkungu, mkrismasi au mwarobaini, usikaribie nyumba, karo, kisima au mpaka kwa chini ya mita 8. Mti wa wastani upewe mita 4 au 5. Kichaka kiachiwe angalau mita moja kutoka ukutani ili mtu aweze kupita nyuma yake akikata na kufagia. Ikiwa kiwanja hakina nafasi hiyo, basi hakina nafasi ya mti huo, hata ukipewa bure. Na anayepanda nje ya ukuta, mbele ya barabara kuu, akumbuke kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara hizo hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Mti uliomo humo hauna dhamana ya kuzeeka.

Matawi na mizizi katika fiqhi

Wako watakaosema: mti ni wangu, kiwanja ni changu, jirani ana neno gani? Mafaqihi wetu walilijibu swali hili karne nyingi zilizopita. Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, na vile vile katika Al-Mughni cha Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, suala hili linazungumzwa katika mlango wa suluhu. Matawi ya mti yakitanda juu ya anga ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Mwenye mti akikataa, jirani anaweza kuyakunja yarudi yalikotoka, na yasipokunjika anaweza kuyakata. Mizizi iliyoingia chini ya ardhi ya mwenzio wameiangalia kwa jicho hilo hilo.

Tazameni mpangilio wake: kwanza maneno, kisha kukunja, mwisho panga. Wengi wetu huanza na panga, au mbaya zaidi, humwaga chumvi na mafuta machafu usiku kwenye shina la mti wa mwenzao. Huko ni kuharibu mali ya mtu, na hakuhalalishwi na majani yaliyoanguka katika gata.

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa habari ya Samura bin Jundub (R.A.), aliyekuwa na mitende yake ndani ya bustani ya mtu mmoja wa Ansari aliyekaa humo pamoja na ahali zake. Kuingia kwake kulimtaabisha yule Ansari. Alimwomba amuuzie, akakataa. Akamwomba wabadilishane, akakataa. Shauri lilipofika kwa Mtume (S.A.W.), naye alimtaka Samura auze, kisha abadilishe, kisha aitoe kwa kuahidiwa malipo mema, na yote hayo akayakataa. Hapo Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamruhusu Ansari aing'oe mitende ile. Wataalamu wa hadithi wameuzungumzia mnyororo wa upokezi wake, lakini maana yake inakubaliana na ile kanuni mashuhuri ya kutodhuru wala kulipizana madhara. Mtende ni mti wa heshima na wa chakula, wala haukuwa pambo. Ikiwa mtende wenyewe haukumkinga mwenye kudhuru, mwashoki utamkinga vipi?

Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wetu: kabla ya kuchimba shimo karibu na mpaka, mpigie hodi jirani. Mwambie, "Jirani, nataka kupanda mti hapa, unaonaje?" Dakika tano za maneno haya hupunguza kazi ya balozi, ya baraza la kata na ya imamu. Pengine jirani atakwambia kuwa karo lake liko hapo hapo nyuma ya ukuta, jambo ambalo usingelijua hadi mizizi ilijue.

Tuwakumbuke watoto

Jambo la pili katika uchaguzi ni amana ya watoto wetu, na wa jirani wanaokuja kucheza. Baadhi ya mimea ya mapambo inayouzwa hadharani ni sumu. Oleanda, yenye majani membamba na maua ya waridi au meupe, ina sumu ya moyo katika sehemu zake zote. Jamaa yake wa maua ya manjano mfano wa kengele ana kokwa ambazo mtoto akizitafuna anaweza kufa. Mnyaa, uliozoeleka kuwa ua wa nyumba nyingi, una utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kumpofua mtu ukiingia machoni. Mbarika nao una mbegu zenye sumu kali, na huzipendeza mikono ya watoto kwa madoadoa yake.

Hatusemi kuwa kila mmea wa sumu ung'olewe duniani. Tunasema kwamba nyumba yenye watoto wadogo, au iliyo jirani na madrasa, haina haja nayo, kwani vipo vingine vingi. Muulizeni muuzaji jina la mche na utomvu wake. Asiyejua jina la anachokiuza, msimnunulie pambo la nyumba yenye watoto.

Mapambo ya watu wa pwani

Miti mingi tunayoiona kuwa ya fahari imetoka mbali. Mwarobaini umetoka Bara Hindi, bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini na kupewa jina la baharia wa Kifaransa. Nyingine zilipitia katika bustani ya mimea ambayo utawala wa Kijerumani uliianzisha mjini Dar es Salaam mwaka 1893, na ambayo sehemu yake ingalipo jirani na Makumbusho ya Taifa. Si vibaya, mti mgeni wenye manufaa ni mgeni wa heri. Lakini wazee wetu wa pwani walikuwa na mapambo yao, nayo yalichaguliwa zaidi kwa harufu kuliko kwa rangi. Bibi zetu walitunga vikuba na makoja kwa asumini, mrehani na kilua, na nyumba ilijulikana kwa manukato yake jioni.

Mkilua ni kichaka au mti mdogo wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya. Ua lake si la kushangaza machoni, lakini harufu yake haina mfano. Wanasayansi wa mimea walipoupa jina mwaka 1970, walilichukua neno la Kiswahili kama lilivyo, wakauita Mkilua. Ni ajabu kwamba mti uliopeleka neno letu katika vitabu vya dunia ni nadra kuonekana katika nyua zetu mpya. Kwa kuwa asili yake ni chini ya miti mikubwa, unafaa mahali penye kivuli kiasi, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana kutwa. Lakini utafutwe kwa wenye vitalu na kwa wazee walionao. Misitu ya Pugu na Vikindu imebaki michache mno kung'olewa miche yake.

Mhina ni ua wa nyumba uliojaribiwa na vizazi. Huvumilia jua na mchanga, hukatwa ukachipua tena, maua yake hunukia, na majani yake yana kazi katika kila harusi na kila Idi. Mkomamanga ni mti mdogo wenye ua jekundu na tunda lililotajwa katika Qur'ani. Mita 3 au 4 zinautosha, na unaweza hata kukaa karibu na dirisha. Asumini hutambaa juu ya kiunzi barazani. Mlangilangi, ukiachwa, huwa mti mrefu, lakini ndugu zetu wa Komoro, wanaoishi kwa mafuta ya maua yake, huukata na kuuinamisha ili mtu ayachume akiwa amesimama chini. Nasi tunaweza kuiga. Bogenvilia inafaa juu ya ukuta wa jua kali, kwani haiombi maji mengi, ila miba yake isielekezwe kwenye njia ya watu.

Msikiti, madrasa na shule zenye eneo ziachiwe miti mikubwa: mkwaju, mwembe, mwarobaini. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kujisaidia penye kivuli cha watu, na katazo hilo linatuonyesha kuwa kivuli ni mali ya umma inayolindwa. Na katika hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Bukhari na Muslim, mti anaoupanda Muislamu akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Riwaya ya Jabir katika Muslim inaongeza hata kile kilichoibwa humo. Basi watoto wakirusha mawe katika mkwaju wa msikiti, mzee aliyeupanda asikasirike sana.

Namna ya kupanda

Chagueni mche wenye afya, wala msivutwe na urefu. Mche mfupi wa shina nene hushika upesi kuliko mrefu mwembamba uliokaa katika kiriba miaka miwili hadi mizizi ikajizungusha. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60 hivi kwa mti, na nusu yake kwa kichaka. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa, nao ndio urudi kuizunguka mizizi. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote, kisizikwe. Shina lisifukiwe kuzidi lilivyokuwa katika kiriba. Kisha tandazeni majani makavu juu ya udongo, yasiguse shina, ili unyevu usikimbie.

Maji ndiyo mtihani. Tunapendekeza jambo moja ambalo nyumba zetu zinaliweza: kukinga maji ya udhu. Familia ya watu sita inayotawadha nyumbani humwaga karoni kila siku maji ya kutosha miche kadhaa. Maji hayo ni tohara, hayana sabuni, na hakuna katazo la kuyamwagia mti. Beseni moja chini ya bomba, na mtoto mmoja aliyepewa jukumu, hutosha kuuvusha mche Januari na Februari. Ni vyema kila mtoto apewe mche wake autunze, kwani atajifunza kuwa sadaka haimaliziki siku ya kuitoa.

Wapangaji nao wasijione hawahusiki. Mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane kwanza, na asiye na ardhi apande mhina au asumini katika ndoo mbovu barazani. Imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Hatatarajia kuketi chini yake, na bado ameamrishwa.

Ndugu zetu, vuli hii tutazameni kwanza juu zilipo nyaya, chini yalipo makaro, na kando alipo jirani. Tukiridhika na yote matatu, tuchague kinachopendeza na tupande kwa Bismillahi. Mti uliopandwa kwa ridhaa ya jirani hupeleka kivuli na harufu upande wa pili wa ukuta, na anayeipata harufu hiyo huenda akakuombea dua bila wewe kujua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mvua za vuli kuwa za kheri, azilinde nyumba zetu na za majirani zetu, na atukubalie tunayoyapanda. Wabillahi tawfiq.